Nani Kaunguza Begi la Zamda?

Mama Hizza alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni, akifua mapazia ya sebuleni kwa ajili ya harusi ya mwanawe, aliposikia pikipiki ikisimama nje. Hakuinua kichwa. Alidhani ni watu wa turubai. Lakini aliyeingia uani alikuwa binti yake Mzaliwa, aliyeondoka asubuhi na msafara wa kupeleka begi kwa wakwe huko Mombo. Alikuwa peke yake, na gauni lake la sare limejaa mchanga.

"Mbona umerudi mapema? Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja nyuma, mama."

"Begi limepokelewa?"

Mzaliwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Begi limeungua."

"Limeungua na nini?"

"Na muziki."

Mama Hizza alilikamua pazia alilokuwa nalo mkononi, akalitundika kambani, akanyoosha pindo zake. Ndipo akakaa chini.

"Haya," alisema. "Anza mwanzo."

Na sisi tuanze huko huko. Kaeni vizuri. Anayetaka kwenda kujisaidia aende sasa, maana nikishashika njia sirudi nyuma kumsubiri mtu, na mwishoni nina swali la kuwauliza ambalo mimi mwenyewe nimeshindwa kulijibu.

Kwa asiyejua: siku chache kabla ya harusi, upande wa mwanamume hupeleka begi kwa bibi harusi. Ndani huwa na kanga, viatu, manukato, shela, na vyote ambavyo msichana ataanza navyo. Wanaolipeleka ni wanawake, kwa nyimbo. Likifika, hufunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa pili, na kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu kila mtu akione. Mama wa bwana harusi haendi. Yeye hubaki nyumbani na kazi zake, akisubiri kuambiwa wamelipokeaje.

Sasa begi hili la Zamda, mchumba wa Hizza, lilishughulikiwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mwantumu, mdogo wake Mama Hizza, alikuwa na jicho la kununua. Anauza kanga na vitenge sokoni Korogwe. Ukimpelekea kitambaa anakipitisha baina ya vidole viwili, kisha anakwambia kitachuja au hakitachuja, na hajawahi kukosea. Wanawake wanatoka mpaka Mombo kuja kununua kwake, kwa sababu wakifika kwake hawana haja ya kutazama. Yeye keshatazama.

Shekue, rafiki wa Hizza tangu darasa la kwanza, alikuwa na mikono. Redio, feni, pasi, pampu ya maji, chochote kilichokufa kikipita kwake kinaamka. Hajawahi kumwambia mtu, "Hiki basi tena, katupe." Kama hakuna kipuri, atakitoa kwenye kitu kingine. Ana gari dogo jeupe ambalo alilikuta limekaliwa na kuku, na leo linakwenda.

Bi Saumu, dada wa marehemu baba yake Hizza, alikuwa na pua. Ndiye anayepika udi wa harusi zote za mtaa ule. Akiingia nyumbani kwako anajua jana mlikula nini, na atasema. Mwali akifukizwa na Bi Saumu, harufu inakaa kwenye nguo mpaka mtoto wa kwanza.

Hizza aliposema anataka begi lake liende na muziki, wote watatu walifurahi. Mama Hizza pia alifurahi. Alisema kwa kinywa chake, "Nataka lisikike kabla halijafika." Basi Shekue akatafuta amplifaya na spika kubwa ya besi, vyote vya kukaa kwenye buti la gari lake.

Amplifaya ya namna ile haitosheki na vijiwaya vya redio. Inataka waya wake wenyewe, mnene, utoke kwenye betri huko mbele, upite chini ya zulia la gari, uje mpaka kwenye buti. Shekue alikuwa amebanwa na kazi, na Mwantumu alikuwa anakwenda Tanga kuchukua mzigo wake wa kanga.

"Mama mdogo," Shekue akamwambia, "niletee waya wa amplifaya. Uwe mnene. Mnene kama kidole changu hiki."

Mwantumu alikishika kile kidole, akakipima kwa vidole vyake viwili kama anavyopima kitambaa. "Nimeshakipata," alisema. "Hata wakinizimia taa nitakijua."

Kule dukani muuzaji alimtolea aina mbili. Wa kwanza ulikuwa mwembamba kidogo, mweusi, hauna mvuto, na ulipinda kwa urahisi kama ulimi wa ng'ombe. Wa pili ulikuwa mwekundu, unang'aa, umeshiba, na vichwa vyake vimeshafungwa tayari kwa vyuma vya rangi ya dhahabu.

"Huu mweusi ni mzuri, mama," muuzaji alisema. "Ndani una shaba tupu."

"Nimeambiwa kidole cha Shekue. Huo wako ni kidole cha mtoto."

"Shekue ndiye nani?"

"Hayakuhusu. Nipimie huo mwekundu."

Akauleta Korogwe. Shekue akaulaza sambamba na kidole chake. Ulikuwa sawasawa.

"Mama mdogo, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa fundi."

"Nimezaliwa mwanamke, na bado nimekushinda kuchagua."

Ilipofika zamu ya Shekue, aliulaza waya vizuri, akafunga kila kiungo, gari zima lisionekane kama limeguswa. Karibu na betri akaweka fyuzi iliyokuja pamoja na waya. Fyuzi ni kitu kidogo sana. Kazi yake ni kufa. Umeme ukizidi uwezo wa waya, fyuzi inakatika kwanza, kila kitu kinazima, waya unapona na gari linapona.

Wakajaribu muziki. Nyimbo laini zilipita. Ilipokuja ngoma yenye besi, vioo vikatetemeka, watoto wakashangilia, kisha kimya. Fyuzi imekatika. Akaweka nyingine ya aina ile ile. Besi, kimya. Watoto wakaanza kuzomea.

"Fyuzi zenyewe ni dhaifu," Shekue alisema. "Waya mnene hivi unafungiwa fyuzi ya kitoto? Ni kama kumfunga fahali kwa uzi."

Akaenda kwenye boksi lake la vipuri, akatoa fyuzi kubwa aliyokuwa ameitoa kwenye lori. Akaifunga. Muziki ukalia mpaka mashuka yakacheza kambani, na haukuzima tena. Hizza alimkumbatia.

Zamu ya Bi Saumu ikaja asubuhi ya safari. Alifukiza begi likiwa wazi, kanga moja moja, shela, hata viatu. Udi wenyewe aliupika kwa sukari usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi na kila mtu akimwita, sukari ilimshikia kidogo chini ya sufuria. Hakuutupa. Udi wa harusi hautupwi. Kisha begi likawekwa kwenye buti, pembeni ya spika, juu ya zulia, na chini ya zulia ndipo waya ulipopita.

Wakaondoka. Shekue akiendesha, Bi Saumu mbele kwa heshima ya umri, Mwantumu na Mzaliwa nyuma, na wanawake wengine wote kwenye kosta iliyofuata wakiimba. Walipofika kwenye mashamba ya mkonge, Mzaliwa akageuka.

"Shangazi, kuna kitu kinanuka."

Bi Saumu alivuta pumzi, akafumba macho. "Ni udi wangu. Ukipata joto la buti lazima useme."

"Mbona kama kitu kinaungua?"

"Sukari hiyo. Ilishika jana. Sukari ikishika hunuka hivyo."

"Shangazi, ni kama plastiki."

"Mzaliwa, wewe ndiye utanifundisha mimi harufu? Mtoto hata maziwa yaliyochacha huyajui mpaka unywe!"

Mwantumu alicheka. Shekue alipunguza mwendo. "Nisimame nitazame, shangazi?"

"Usimame wapi? Begi halisimami njiani. Likisimama, watu watasema limesita, na msichana naye atasita. Endesha, mwanangu. Ongeza muziki, tunakaribia."

Shekue akaongeza.

Kule Mombo walipokelewa kwa vigelegele. Begi likaingizwa uani, likawekwa juu ya mkeka mpya, na kwa shangwe ile hakuna aliyetazama chini yake. Bi Hadia, shangazi yake Zamda, akalifungua. Ni mwanamke mrefu, na mikono yake ni mirefu, ndiyo maana ukoo wao humpa kazi ile. Akainua manukato, vigelegele. Akainua mkoba, vigelegele. Akainua doti ya kwanza ya kanga, akaitanua juu ya uso wake ili mpaka walio nyuma waione.

Katikati ya kanga palikuwa na tundu lenye ukingo mweusi, na kwenye tundu lile wanawake wote wakaliona jicho la Bi Hadia likiwatazama.

Mtu mmoja alicheka. Halafu hakucheka mtu tena. Doti ya pili ilikuwa na tundu pale pale. Ya tatu pia. Shela lilikuwa limenatana na soli ya kiatu, na Bi Hadia alipolivuta, lilichanika kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia. Kabla hajaliweka chini, watoto walianza kupiga kelele nje, "Gari linatoa moshi!" Shekue na wanaume wa pale wakakimbia na ndoo za mchanga.

"Walitutukana?" Mama Hizza aliuliza.

"Hapana," Mzaliwa alisema. "Ningeshukuru. Walituletea maji ya kunawa, wakatuletea pilau. Tukala, mama. Kila mtu anatazama sinia. Bi Hadia akawa ananiongezea nyama, na mimi siwezi kukataa wala siwezi kumeza."

"Na Zamda?"

"Alikuwa ndani. Hatukumwona. Tulisikia redio ya chumbani kwake ikizimwa."

Mama Hizza alifuta mikono kwenye kanga yake ingawa ilikwishakauka. "Wamesemaje mwishoni?"

Hiki ndicho alichosema Bi Hadia, na msikilize vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Alisema ukoo wao haupokei radhi ya kundi. Watu wengi wakiomba radhi pamoja, kila mmoja humwachia mwenzake. Aje mtu mmoja, kesho, kabla ya adhana ya adhuhuri. Ajifunge ile kanga yenye tundu, apite nayo uani mbele ya wanawake wote, apige magoti kwa mama yake Zamda, aseme, "Ni mimi niliyeunguza, mimi peke yangu." Akishasema, atainuliwa, na jambo hilo halitatajwa tena, na harusi iko pale pale. Asipokuja mtu, begi litarudishwa kama lilivyo, na likirudi begi hakuna ndoa.

"Nitakwenda mimi," Mama Hizza alisema, akasimama.

"Nilimwambia utasema hivyo. Amesema wewe hukuwamo garini. Na Hizza hawamtaki. Bwana harusi akipiga magoti kabla ya ndoa, atapigishwa maisha yake yote. Wanamtaka aliyeunguza."

Jua lilipoanza kushuka, wale wa kosta walirudi. Waliteremkia mbali, kwenye kona, kila mmoja akashika njia ya kwao bila kuimba, vilemba vya sare wamevificha kwapani. Watu watatu tu ndio waliokuja mpaka mlangoni. Mwantumu alitangulia, Shekue alifuata na kipande cha waya mkononi, na Bi Saumu akaja nyuma taratibu kama mtu anayekwenda kupima shinikizo la damu. Wakakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyemtazama Mama Hizza.

Hizza alirudi kutoka kwenye mashine ya mbao anakofanya kazi, vumbi bado liko kwenye nywele. Hakukaa.

"Zamda amenipigia simu," alisema. "Hakulia. Ameniuliza tu, mtamleta nani."

 Bi Saumu ndiye aliyetangulia kujibu. "Suala hapa ni la waya. Mimi sijui waya. Nilifukiza nguo, nikakaa kwenye kiti."

"Na mimi nilinunua nilichoagizwa," Mwantumu alisema. "Niliagizwa kidole, nikaleta kidole."

"Mama, nipatie kisu," Shekue alisema.

Akaupasua ule waya kwa urefu, akauweka mbele yao. Ganda jekundu lilikuwa nene kama la chungwa. Ndani mlikuwa na nyuzi chache tu, zimelala katikati. Akakwaruza uzi mmoja kwa kucha. Rangi ya shaba ikatoka, chini pakawa peupe.

"Alumini," alisema. "Imepakwa rangi. Unene wote huu ni ganda."

Mwantumu aliuchukua, akaupitisha baina ya vidole vyake viwili. Akaurudia. Kisha akavuta kanga yake akajifunika uso. "Mimi," alisema ndani ya kanga. "Mimi wa kuuziwa ganda!"

"Basi kwisha," Bi Saumu alisema. "Mwenye kosa kapatikana. Mwantumu, utavaa kanga yenye tundu, ni yako mwenyewe, uliuza wewe."

Mwantumu akafunua uso. "Ngoja, Bi Saumu! Fyuzi ya kwanza ilikatika. Ya pili ikakatika. Si zilikuwa zinasema? Shekue alizinyamazisha kwa fyuzi ya lori! Angeziacha, muziki ungezima, tungefika kimya kama watu wa msiba, lakini begi lingekuwa zima."

"Ningejuaje?" Shekue alisema. "Waya ulikuja umefungwa vichwa, ndani sioni. Nje naona kidole. Fyuzi ikikatika kwenye waya mnene, fundi yeyote atailaumu fyuzi. Na bado njiani niliomba kusimama. Niliomba, si ndiyo, Mzaliwa? Nani aliyekataa?"

Wote wakamtazama Bi Saumu. Akakiweka sawa kilemba chake.

"Nilikuwa na sababu. Sukari ilishika. Kila mtu hapa anajua sukari ikishika inanukaje."

"Plastiki hainuki kama sukari, wifi," Mama Hizza alisema polepole.

"Ikichanganyika na udi inanuka kama udi!" Bi Saumu alisema kwa sauti, kisha sauti ikamwishia. "Nilinusa kitu kingine chini yake. Nilinusa. Nikasema, mimi Saumu nitaambiwa na mtoto kwamba udi wangu unanuka plastiki, mbele ya dereva?"

Mama Hizza aliwaacha wakae na hilo. Ana watoto, anajua kelele ikiisha ndipo watu huanza kusikia. Akawauliza swali moja, mmoja baada ya mwingine.

"Mwantumu. Kama wewe peke yako ungefanya vizuri, na wenzako wakosee vile vile?"

"Ningechukua ule mweusi, waya usingepata moto. Fyuzi ya lori isingedhuru, na Bi Saumu angenusa udi mtupu."

"Shekue?"

"Ningeacha fyuzi ndogo, ingekatika. Waya wa ganda ungelala salama."

"Wifi?"

Bi Saumu alitazama mikono yake. "Ningesema simama. Tungekuta zulia linafuka. Tungelitoa begi, tungelipeleka kwa miguu kama mama zetu walivyopeleka."

Kila mmoja peke yake angeweza kuliokoa. Na hakuna hata mmoja ambaye peke yake angeweza kuliunguza.

Naona wewe uliyekaa pale mlangoni umeshajibu moyoni. Umesema Shekue, kwa kuwa yeye ndiye fundi. Ngoja kwanza. Shekue si wa ukoo. Ni rafiki. Akipelekwa yeye, Mombo watasema akina Hizza wana ndugu zao wa damu ndani ya nyumba, wakamtafuta mtu wa nje wa kumpigisha magoti. Na mwanamume kupita uani kwa wanawake amejifunga kanga, tena yenye tundu, hiyo hata miaka ipite mia itasimuliwa. Hata hivyo fyuzi aliitoa mwenyewe, kwa mikono yake, na hakuna aliyemtuma.

Na wewe uliyesema Mwantumu, fikiri pia. Wateja wake wako Mombo. Mwanamke atakayemwona amepiga magoti na kusema "mimi niliunguza" atajua kwamba yule wa jicho alidanganywa na rangi. Kesho yake atakuja dukani, atachukua kitambaa, na kwa mara ya kwanza atakitazama mwenyewe. Mwantumu analea watoto kwa jicho lile. Hata hivyo moto ulianzia kwenye kitu alichokichagua yeye, na aliyeuza alimwonyesha kizuri akakikataa.

Na Bi Saumu? Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Akipiga magoti mbele ya mama yake Zamda, aliye mdogo kwake, wakwe watakuwa wamepewa heshima kubwa kuliko waliyoiomba, na ndoa itaanza na deni la aibu ambalo Zamda atalibeba kila akimwona shangazi wa mumewe. Hata hivyo yeye ndiye wa mwisho aliyeweza kulizuia, na ndiye pekee aliyejua kuna kitu, akanyamaza.

Kisha kuna lile neno. "Mimi peke yangu." Yeyote atakayekwenda atakuwa anasema uongo, amepiga magoti, mbele ya mama wa msichana wanayemchukua.

Mwantumu alikuwa wa kwanza kujitolea. "Dada, nitakwenda mimi."

"Kaa," Shekue alisema. "Gari ni langu. Nitakwenda mimi."

"Nyinyi watoto mtaninyima hata hilo?" Bi Saumu alisema. Alijaribu kuinuka, Mzaliwa akamshika kiwiko. "Nitakwenda mimi."

Mnadhani Mama Hizza alifurahi? Walipokuwa wanakataa wote, angeweza kumlazimisha mmoja na akalala kwa amani. Sasa wanataka wote watatu, na akimchagua mmoja ni yeye anayemhukumu, tena anawaacha wawili wabaki nyumbani na hatia yao. Hizza alikuwa amesimama pale pale.

"Mama," alisema, "mimi sitachagua. Yeyote nitakayemtaja, nitamtazama hivyo mpaka kufa."

"Najua. Kaa chini uoshe mikono."

Akaingia jikoni. Ilikuwa ugali na mchicha wa nazi na dagaa wa kukaanga, kwa sababu vitu vizuri vyote vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya harusi. Akaleta sinia, Mzaliwa akaleta maji. Kwa desturi ya nyumba ile, sinia haliguswi mpaka Mama Hizza awahesabu watu, tangu watoto wake walipokuwa wadogo wakichelewa mtoni. Akasimama na upawa mkononi, akawahesabu kimyakimya, mdomo ukicheza. Hizza yupo. Mzaliwa yupo. Mwantumu yupo, macho mekundu. Shekue, ambaye si wake na amekula kwenye sinia hilo tangu hajaota meno ya ukubwani, yupo. Bi Saumu yupo. Hakuna aliyekosekana.

"Wote mpo," alisema. "Kuleni."

Hakuna aliyepeleka mkono. Walikuwa wanamsubiri aseme jina.

Alikaa, akamega tonge, akalishika hivyo hivyo bila kulichovya. Kesho asubuhi mmoja wa wale watu lazima atoke kwenye mlango ule, na wengine wabaki wakimtazama mgongo. Tonge likampoa mkononi.

Sasa mnisaidie, nyinyi ambao hamna mkwe Mombo wala mgonjwa wa magoti. Mwenye jicho, mwenye mikono, na mwenye pua, wote wamekaa kwenye sinia moja na wote wametoa kauli. Kama upawa ungekuwa mkononi mwako, je, wewe ungelitaja jina la nani?